Shimo Lisilo na Miiba

Jumatatu, 9 Agosti 1999

Lango la kambi, saa moja na robo. Askari wa zamu amepekua mkoba wangu tena. Miaka sita napita hapo na bado anatafuta bomu. Leo amepata miwani, lenzi na kiazi kitamu. Kiazi amekigeuzageuza mpaka kikapoa.

Baridi kali. Agosti ya Machakos haina adabu. Nimekaa ofisini na koti hadi saa nne.

Sipaswi kuandika haya. Najua. Daftari linakaa ndani ya debe la ndengu, na Baba Mwende hajapika ndengu tangu tuoane. Lakini kichwa cha mtu si ghala. Nisipoandika sitalala.

Mimi si mwanajeshi. Nilikuwa afisa wa maji miaka ishirini na miwili, nikitafuta mahali pa kuchimba visima huko kaskazini. Nikastaafu. Wakanifuata nyumbani. Sasa naitwa mshauri mkuu wa kiraia katika mipango ya operesheni maalum. Cheo kirefu, kazi fupi: wao wanajua kupigana, mimi najua nchi. Wao wanachora mshale kwenye ramani, mimi nawaambia mshale wenu umeingia korongoni.

Saa nne Kanali aliingia bila salamu. Nikajua kuna jambo. Watu watatu wa chanjo wametekwa barabarani, mahali ambapo hapa nitapaita Kule. Muuguzi mwanamke, dereva na karani. Watekaji wanataka mkubwa wao atolewe jela. Wametoa siku kumi, kisha watawaua. Serikali haitamtoa. Kwa hivyo siku hizo kumi ni zetu, mpaka Alhamisi ya wiki ijayo.

Majina ya watatu hatukuambiwa. Kanali husema majina yanaharibu akili ya mpangaji. Labda. Mimi ningependa kuyajua.


Jumanne, 10 Agosti

Picha za ndege zimefika, bado zinanuka dawa ya kusafishia. Meza nzima.

Kuna nyumba tatu za ranchi iliyohamwa. Mabati, uzio umeanguka, na moshi. Alama za gari zinaingia, hazitoki. Meja wa upelelezi aliweka kidole hapo kabla hajakaa, na kila mtu akakubali. Hata Kapteni Halake, anayeongoza wale vijana kumi na wawili watakaoingia, na yeye si mtu wa kukubali haraka.

Sina sababu ya kukataa. Ila nimeomba niachiwe picha zote niziangalie kwa lenzi.

Nimemwangalia Halake akihesabu milango ya zile nyumba. Ana miaka thelathini na mbili. Mama yake anaishi Marsabit na humtumia nyama ya ngamia iliyokaushwa. Tukikosea nyumba, yeye ndiye wa kwanza kuingia, na wale watatu watapigwa risasi kabla hajageuka.


Jumatano, 11 Agosti

Nimekaa na lenzi tangu asubuhi. Shingo imekauka.

Kilomita tisa kusini ya nyumba kuna mto mkavu. Mchanga mtupu, mweupe. Wanajeshi wanaona barabara. Mimi naona maji, kwa sababu mto wa mchanga hunywa maji kisha huyaficha, na mwenye kujua huchimba akayapata. Nimehesabu mashimo ya maji kumi na moja. Kila shimo limezungushiwa boma la matawi ya miiba. Kwenye picha ni kiduara cheusi chenye nukta katikati. Ndivyo hata kwetu Mwala. Ukichimba shimo mtoni unalifunga kwa miiba, la sivyo punda na mbuzi watalichafua. Hufikirii hata. Ni kama kufunga mlango ukitoka.

La kumi na moja halina miiba. Liko chini ya ukingo mrefu, penye kivuli. Nukta tupu.

Nikakosa subira. Nikalisema kwenye mkutano wa saa nane kabla sijalitafuna vizuri. Nikasema, "Hawa si watu wa pale. Mtu wa pale hangeacha shimo wazi. Naona wako mtoni, hawako kwenye nyumba."

Meja alicheka. "Mama anataka tupeleke helikopta kwa shimo la maji."

Wote wakacheka. Nimekasirika. Nina miaka hamsini na saba, nimelala mchangani Kule wakati huyu Meja alikuwa akijifunza kufunga viatu.

Na kuna lile jambo la miaka mitatu iliyopita, hakuna aliyelitaja lakini lilikuwa mezani. Kwenye mazoezi nilisema malori yavuke mahali fulani. Mawili yakazama. Kosa langu, sikuangalia kama kuna bwawa la mchanga upande wa chini, maana hilo hulowesha mchanga wote wa juu yake. Kutoka siku hiyo wananiita Mama Mchanga nikiwa nimewapa mgongo.

Kanali hakucheka. Alisema, "Lete ushahidi, Mama. Una mpaka Jumatatu."


Alhamisi, 12 Agosti

Mwala. Nimepewa Land Rover, dereva, na ahadi kwamba ndege itapita juu ya mto wetu saa saba kwa urefu uleule waliopigia picha Kule. Shabaha: shimo moja lenye miiba, shimo moja lisilo na miiba. Tuone picha inasema nini.

Sikuwa nimemhesabu dada yangu.

Ndinda ana miaka sitini na mitano na mto ule ni wake, kwa maoni yake. Nilimkuta akichota. Tukasalimiana vizuri, akaniuliza habari ya Baba Mwende, akanipa ndizi. Nikamwomba niondoe miiba kwenye shimo lake kwa saa moja tu.

"Kwa nini?"

"Ni kazi."

"Kazi gani inataka ng'ombe za Musyoka zikojoe kwa maji yangu?"

Sikuweza kumwambia. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Akakataa kabisa. Akasema kama nataka shimo wazi nichimbe langu, mkono sikukatwa.

Nikachimba. Magoti chini, kwa kata na sufuria, na dereva wa jeshi akiwa amesimama kando hajui kama amri inamruhusu kusaidia. Maji yakatokea shimo lilipofika kiunoni kwangu. Mgongo sasa hivi unalia.

Ndege ikapita. Mbuzi wakatawanyika. Ndinda hakuinua hata kichwa. Aliketi jiwe lake, akafukuza mbuzi kwa fimbo, akasema kitu ambacho nimekiandika mkononi kwa kalamu nisije nikakisahau: mtu anayeacha shimo wazi, ama ni mgeni, ama anaogopa kukata miiba. Nikamuuliza kwa nini mtu aogope. Akasema panga likipiga mgunga husikika mpaka ng'ambo.

Nimerudi nikiwa na furaha ya mwizi.


Ijumaa, 13 Agosti

Picha za Mwala ziko sawa na za Kule. Sawasawa. Shimo la Ndinda: kiduara. Langu: nukta. Nimeziweka pamoja mezani. Halake aliinama, akaangalia kwa lenzi yangu muda mrefu, akasema taratibu kwamba hata kwao Marsabit kisima hakiachwi hivyo, na anajionea haya kwamba yeye mwenyewe hakuona.

Meja bado. Anasema shimo wazi linaweza kuwa la mwindaji, la mpita njia, la mtu mvivu. Na moshi wa nyumba je?

Ana haki. Inaniuma kuandika hivyo lakini ana haki. Mvivu yupo kila kabila.


Jumamosi, 14 Agosti

Hakuna. Nimeangalia mpaka macho yakaona mashimo kwenye ukuta wa jikoni. Baba Mwende ameniuliza kama nimefiwa. Nikasema kazi. Akaniwekea chai na kurudi kwenye gazeti lake, Mungu ambariki. Alifundisha shule miaka thelathini, anajua sura ya mtu anayekwama kwenye hesabu.

Zimebaki siku tano.


Jumapili, 15 Agosti

Kanisani. Mahubiri yalikuwa ya kondoo na nilikuwa nasinzia. Mhubiri akasema kondoo mwenye kiu haulizi kisima ni cha nani.

Nikaamka kama niliyemwagiwa maji.

Mbuzi. Agosti. Kiangazi. Shimo liko wazi, maji yanaonekana, na hakuna boma. Kila mnyama wa maili tano angekuwa hapo. Alhamisi, mbuzi wa Mwala walikuwa kwenye shimo langu kabla sijasimama! Shimo wazi lazima liwe na njia za kwato zinazoingia kutoka kila upande. Sasa la Kule je?

Nilisimama katikati ya mahubiri, nikapita mbele ya wazee wa kanisa wote, kofia imeinama upande mmoja, nikatoka. Nasikia Baba Mwende aliwaambia ni tumbo.

Kambini askari wa lango alitaka kupekua mkoba. Nikamwachia mkoba, nikaingia na lenzi mkononi.

Nimeangalia. Mashimo kumi yenye miiba: njia za mifugo zimeyazunguka, nyeupe, wazi, mpaka kwenye vihori vya kunyweshea. La kumi na moja: hakuna hata njia moja. Njia mbili zilikuwa zikielekea pale, za zamani, kisha zinakata kona na kwenda mbali.

Kuna maji wazi na mbuzi hawaji. Basi kuna mtu anayewafukuza, na wachungaji wanajua, na wanapita mbali kwa hofu.

Nimewapata. Nimewapata, nimewapata.


Jumatatu, 16 Agosti

Nilieleza kwa dakika nne. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo na sikupoteza neno. Nilipomaliza Kanali alizunguka meza mara mbili. Kisha akamuuliza Meja. Meja akachukua lenzi, akakaa nayo, jasho likamtoka puani. Akasema, "Sina jibu kwa hilo, Afande." Ilimgharimu. Namheshimu kwa hilo, kidogo.

Kanali ameamua: mto, si nyumba. Hana watu wa kutosha kupiga mahali pawili. Watakaoenda kwenye nyumba wataangalia tu kwa mbali.

Kisha akanisogezea karatasi ya mpango nitie sahihi kama mshauri. Hajawahi kunitaka sahihi. Kama nimekosea, watu watatu watakufa kwa ajili ya mbuzi ambao sikuwaona kwenye picha. Nimetia sahihi. Herufi ya kwanza imepinda.

Naogopa. Siandiki zaidi.


Jumanne, 17 Agosti

Mazoezi Mwala, kwenye mto wetu, kwa sababu ukingo wake unafanana na ule.

Walitaka kushambulia alfajiri. Kila jeshi duniani hupenda alfajiri, na kila jambazi anajua, kwa hivyo alfajiri ndipo hukaa macho. Nikawaambia saa saba mchana. Nimeishi Kule. Saa saba hakuna kinachotembea. Mbwa hawabweki, watu wamejilaza kivulini, mchanga unawaka hata macho hayaangalii mbali. Wajifiche kichakani tangu jana yake, wasubiri, waingie saa saba. Halake akacheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Akasema mama yake hulala saa hiyo hata nyumba ikiungua.

Wakajaribu. Mara ya kwanza walitembea katikati ya mchanga na nikawasikia nikiwa mbali na macho yamefungwa. Nikawaonyesha kupita kwenye miamba ya kando, viatu vimefungwa magunia. Mara ya tatu sikusikia kitu mpaka Halake akanigusa bega. Nilishtuka hadi nikatusi kwa Kikamba.

Ndinda aliona wanaume kumi na wawili wenye silaha wakitambaa mtoni mwake. Hakuuliza swali. Alienda nyumbani akarudi na sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, akawagawia kwa majani ya mgomba, na akamwambia Halake afunge miiba akimaliza kunywa maji. Halake akafunga.


Jumatano, 18 Agosti

Wameondoka.

Sina kazi. Nimepanga faili ambazo zilikuwa zimepangwa.

Sikula.


Alhamisi, 19 Agosti

Nitaandika pole pole ili nisiharibu.

Chumba cha redio. Kanali, Meja, fundi wa redio, mimi. Saa sita na nusu. Kimya. Saa saba kasoro kumi. Kanali anatafuna kijiti cha kiberiti. Meja ameketi kando yangu. Saa saba kamili. Hakuna. Saa saba na tano. Hakuna. Nikaanza kuona zile nyumba. Nikaona watu watatu wamepiga magoti ndani ya mabati na sisi tuko kwenye mchanga mtupu. Nikamwambia Mungu mambo ambayo sitayaandika.

Saa saba na dakika kumi na moja. Mkwaruzo. Kisha sauti ya Halake, anahema: "Watatu. Narudia, watatu. Wako hai."

Kisha nikapiga kigelegele.

Ndiyo. Mimi. Mshauri mkuu. Kilitoka chenyewe, kirefu, kile cha harusi, kile tulichompigia Mwende alipozaliwa. Fundi wa redio alikuwa ameshikilia kitufe cha kujibu, kwa hivyo kilisafiri hadi Kule. Halafu Halake redioni: "Huyo ni nani?"

Kanali akachukua kipaza sauti. Akasema, "Huyo ni Mama Mchanga." Mbele yangu. Nikacheka mpaka nikalia, na Meja alikuwa akilia pia, akijifanya anapenga kamasi.

Watatu hai. Watekaji sita, wote wamekamatwa, wanne wakiwa usingizini. Hakuna askari aliyeumia, ila mmoja kateguka kifundo. Walikuwa chini ya ukingo, hatua arubaini kutoka kwenye shimo.

Kisha ikaja taarifa ya wale waliotumwa kuangalia nyumba. Wachoma makaa. Baba, mama, bibi, watoto wanne. Moshi ni wao. Gari ni bovu, liliingia miezi mingi iliyopita na halijatoka.

Kanali aliisoma mara mbili, akaniletea niisome mwenyewe. Watoto wanne. Tungeingia kwa mabomu ya moshi na risasi. Niliishika ile karatasi kwa mikono miwili.

Nimeshinda. Nataka kuliandika neno hilo mara moja bila unyenyekevu. Nimekuwa sahihi, nimekuwa sahihi peke yangu, na leo kuna watu kumi walio hai ambao wangekufa. Nimetembea hadi nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe, nimemsalimia kila mtu njiani, hata yule wa duka la mbolea ambaye hatusemezani. Nimemwambia Baba Mwende twende tule nyama choma. Akauliza tunasherehekea nini. Nikasema mgongo umepona.


Ijumaa, 20 Agosti

Redio imetangaza kwamba vikosi vya usalama, kufuatia uchunguzi wa kina, vimewaokoa. Basi. Ndinda amepiga simu kutoka posta ya Mwala kuniambia hawa vijana wa serikali siku hizi wana akili.

Nimemwambia ni kweli.

Askari wa lango hakupekua mkoba leo. Alipiga saluti. Nikamwambia apekue, sheria ni sheria.


Jumapili, 22 Agosti

Nimeitwa kambini baada ya kanisa. Yule muuguzi ameletwa kutoa maelezo kabla ya kurudishwa kwao, na Kanali ameniruhusu kukaa naye dakika kumi. Hiyo haijawahi kutokea.

Anaitwa Mbithe. Kwao Kibwezi. Hakuna aliyeniambia ni Mkamba. Mwanamke mwembamba wa miaka arubaini hivi, blanketi la jeshi begani, jicho la kushoto limevimba na kugeuka manjano. Nilimsalimia kwa lugha ya nyumbani na akanishika mkono, hakuuachia tena.

Hakuambiwa mimi ni nani. Aliambiwa tu nafanya kazi hapa. Nikamuuliza kuhusu lile jicho.

Alisema yeye ndiye aliyekuwa akichotea wote maji. Mkubwa wa pale mtoni, si yule wa jela, ni mjanja, anaijua nchi. Tangu siku ya kwanza alimwamuru alifunge shimo kwa miiba, lifanane na mengine. Alimkatia matawi yeye mwenyewe na kumwekea kando. Mbithe akawa analifunga jioni, mkubwa anapokagua, na kulifungua asubuhi akichota. Kisha analiacha wazi mchana kutwa, jua likiwaka na walinzi hawataki kutoka kivulini. Mbuzi wakija wanarushiwa mawe. Mara tatu waligundua. Alisema amesahau. Mara tatu walimpiga.

"Nilijua mzungu hataona," alisema, "na askari hataona. Nikasema, labda kuna mtu wa kwetu mahali. Mtu wa mto wa mchanga. Akipita, chini au angani, ataona kuna kosa."

Kumbe haikuwa uvivu, wala hofu ya panga. Nilidhani nawasoma watekaji. Nilikuwa nasoma barua ya mwanamke huyu.

Nimekatazwa kumwambia mtu yeyote ninachofanya. Nimetia sahihi mara nyingi. Mlango ulikuwa wazi na Meja alikuwa amesimama pale, akiangalia saa yake kwa makusudi ili asituangalie sisi.

Nikamwambia kwa heshima ya kwetu, "Mwaitu, mama, nililiona."

Aliniangalia kwa lile jicho moja zima. Kisha akaegemeza kichwa begani kwangu, na tukakaa hivyo mpaka dakika zikaisha. Gari lake liliondoka saa tisa. Nimerudi nyumbani kwa miguu.